Njia Imefungwa

Stesheni yetu ilikuwa nje kidogo ya Tabora mjini, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka mtaa wa Kanyenye, na kusema kweli haikuwa stesheni ya kujivunia. Palikuwa na chumba cha tiketi, chumba cha steshenimasta, baraza la saruji na tangi la maji lililovuja masika na kiangazi. Treni kubwa za Dar es Salaam na Kigoma zilitupita bila hata kututazama. Uhai wetu ulikuwa ile reli ndogo ya tawi iliyochepuka nyuma ya tangi na kuingia msituni, ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya magogo ya mninga. Wazee walisema imefuata njia ileile ya wapagazi wa zamani. Sikuwabishia, maana ilikuwa na kona nyingi ambazo mhandisi mwenye akili zake asingezikata. Leo reli zimeng'olewa na mataruma ya mbao yaliyozibeba yamekuwa kuni.

Niliajiriwa pale miaka michache baada ya uhuru, binti wa fundi cherehani, nimetoka shule na Kiswahili changu kimenyooka. Nilikata tiketi, na katikati ya kukata tiketi niliwasahihisha watu matamshi, jambo ambalo nikilikumbuka leo naona haya. Jumanne na Ijumaa treni ya tawi iliondoka asubuhi na behewa moja la abiria, ikarudi alasiri na magogo, madebe ya asali, michembe ya viazi vitamu vikavu, uyoga, na akina mama waliokuwa wakicheka tangu walikotoka. Walinidanganya umri wa watoto wao, nami nilijifanya mjinga. Nilikuwa na furaha pale.

Mwisho wa reli alikaa mshika njia, mwangalizi wa reli ya upande ule, Mnyamwezi wa makamo, pamoja na mkewe. Tulijuana kwa sauti kuliko kwa sura. Kila asubuhi ya treni nilimpigia simu. Kazi hiyo ilikuwa ya steshenimasta, lakini mwenyewe alichukia kupiga kelele kwenye simu, akaniachia. Mshika njia alianza na mwangaluka, salamu ya kwao ya asubuhi, kisha habari za baba, za mama, za mvua, kana kwamba hatukuwa na treni ya kuondosha. Ndipo niliposema, "Njia imefungwa." Naye akarudia, "Imefungwa." Kwa lugha yetu ya reli maana yake ilikuwa treni inakuja: njia imefungwa kwa ajili yake, asiingize relini toroli lake la kazi wala asiruhusu ng'ombe kuvuka. Baada ya hapo alikwenda kugonga kipande cha reli kilichoning'inia barazani kwake, na abiria wakaanza kukusanyika.

Kisha ikaja kazi ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sitaki kuikashifu, wapo waliopata shule na zahanati, na baadhi yao ni ndugu zangu. Lakini vijiji vyenyewe vilipangwa kando ya barabara kuu, na watu wa reli yetu wakahamishwa kwa lori, kitongoji baada ya kitongoji. Behewa likaanza kwenda tupu. Magogo nayo yalikuwa yanaelekea kwisha. Jumatatu moja ikaletwa barua ya Kiingereza kwamba tawi limefungwa kuanzia siku inayofuata. Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya mshika njia, apelekewe kwa treni ijayo. Nilicheka sana, kwa sababu treni ijayo ndiyo hiyo iliyofutwa.

Steshenimasta akaniambia nimpigie simu. Jumanne asubuhi, saa ileile ya siku zote, nikampigia. Mwangaluka, habari za nyumbani. Akaniambia mkewe ana wiki nzima anaumwa kifua, na kwamba leo atamleta hospitali ya mjini. Mbele yangu palikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeitafsiri ile barua kwa mwandiko mzuri, kila neno mahali pake, nami nilikuwa na hamu ya kuisoma. Nikasema pole, kisha nikasoma, "Njia imefungwa kuanzia leo."

"Imefungwa," akajibu.

Mkono wa simu hakuurudisha vizuri, nikasikia kwa mbali kipande cha reli kikigongwa. Nikadhani anawaita watu awape habari mbaya. Hata nilimsifu moyoni kwa kuipokea kwa utulivu. Mchana fundi akaja, akaing'oa simu yetu.

Yaliyotokea kule niliyasikia baadaye. Lori lilikuwa limefika asubuhi ileile kuchukua kaya za mwisho, na dereva alikubali kumpitisha mgonjwa hospitali. Mshika njia alimshukuru, akakataa. Barabara ilikuwa na mashimo, kifua cha mkewe kisingestahimili kurushwarushwa, na treni ilikuwa inakuja. Lori likaondoka. Akamlaza mkewe kwenye benchi, akamkunjia koti lake la kazi kichwani, wakasubiri. Jioni alijaribu simu, haikuita. Jumatano wakasubiri kutwa, kwa sababu treni yetu iliwahi kuchelewa hata siku nzima. Toroli lilikuwa pale pale, lakini mtu wa reli haingizi toroli kwenye njia iliyofungwa.

Alhamisi akavunja sheria kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akamweka mkewe juu ya toroli, akalisukuma kwa mikono. Kila penye kona alisimama, akatangulia mbele na bendera nyekundu kuhakikisha treni haiji, kisha akarudi kusukuma. Nilimwona saa tisa alasiri akitokeza nyuma ya tangi. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini, na bendera ilikuwa bado mkononi. Mkewe tulimfikisha hospitali akiwa hai. Alidumu siku mbili.

Baada ya msiba alikuja kukabidhi vifaa: bendera mbili, taa na ufunguo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Tangu siku ya mazishi nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilitaka kumwambia kwamba nilipaswa kusema treni haiji, maneno mawili tu ambayo hata mtoto angeyaelewa, na kwamba sikuyasema kwa sababu hayakuwa kwenye karatasi yangu nzuri. Akaniwahi.

"Binti yangu, ulisema kuanzia leo," akasema. "Nilikusikia. Miaka yote hii kwenye reli, ilinipasa kuuliza. Kosa ni langu, si ndiyo?"

Alikuwa akinitazama usoni, na ninaamini mpaka leo kwamba alitaka nimkatalie. Steshenimasta alikuwa ametoka chumbani kwake, amesimama mlangoni akisikiliza. Ombi langu la kuhamishiwa stesheni kubwa ya mjini lilikuwa mezani kwake, likisubiri sahihi.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ungeuliza."

Akainamisha kichwa, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.