Benigna na Kahawa Asiyoilima

Benigna hakuwahi kulima kahawa. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mwaka ule Songea nzima ilijifanya hailijui. Alizaliwa Mbinga, akaolewa hapa Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, akiwa binti mdogo, akafiwa na mume, na duka lake la chumvi, sabuni na mafuta ya taa ndilo lililosomesha wanawe wote.

Mwaka huo bei ya kahawa ilianguka huko nje. Wanunuzi binafsi, wale waliomiminika baada ya soko kufunguliwa, walikuwa wamebeba kahawa ya Mbinga kwa ahadi, na mmoja wao akatoweka. Wakulima wakakosa hela. Wenye maduka wa Mbinga nao wakashindwa kulipia mali waliyochukua kwa mkopo hapa mjini.

Pankrasi, muuza jumla aliyemkopesha Benigna miaka yote, alikuwa anawadai hao. Akaingiwa na hofu. Alimwita Benigna, akamtaka alipe deni lote Jumamosi na asitegemee mzigo mwingine. Benigna akauliza kosa lake, maana hakuwahi kuchelewesha malipo.

"Sina ugomvi na wewe, mama," Pankrasi alijibu. "Ila ninyi watu wa Mbinga mmekwisha."

Upuuzi mtupu! Wateja wa Benigna walikuwa sisi, wafyatua matofali, wapika pombe ya komoni na wakulima wa mahindi, ambao kahawa tuliionea kwenye vikombe vya wageni.

Njia rahisi ilikuwepo: atubane na sisi tuliokuwa tukikopa dukani kwake. Mahindi yetu yalikuwa bado machanga. Angetudai wiki ile, tungewauzia walanguzi yakiwa shambani, kwa bei ya kutupa, halafu tulale njaa kwa kahawa ya watu wengine. Mfyatua matofali mmoja aliyeitwa Leo alikuwa ameshaanza kutafuta mlanguzi. Benigna alimfuata hukohuko tanurini akamkataza.

"Pankrasi kanionea mimi. Mimi simwonei mtu," alisema. "Balaa hili linaishia dukani kwangu."

Akauza cherehani. Akauza na mabati aliyokusanya kwa ajili ya nyumba yake, akalipa deni lote. Duka likabaki na chumvi na viberiti, watu wakamcheka, naye akafungua kila asubuhi kama kawaida. Nilimpenda sana mwanamke yule.

Tulipovuna, tulimlipa wote. Pankrasi wakati huo alikuwa na ghala limejaa sabuni na hana wa kumuuzia, kwa kuwa alikuwa amewafungia mlango wateja wake mwenyewe. Akaja Mshangano kwa miguu yake, mpole, akisema angependa warudi kama zamani.

Benigna alimsikiliza hadi mwisho.

"Fedha ninayo, Bwana Pankrasi, lakini sinunui kwako leo," alisema. "Mbinga kuna watu wanakulipa kidogo kidogo mpaka sasa, na hujawapelekea hata mche mmoja wa sabuni. Wapelekee kwanza. Ukitoka huko, pitia kwangu."

 Pankrasi akatuuliza gari la Mbinga linaondoka saa ngapi.