Kitambaa Cheupe cha Fundi wa Mfumo

Fundi wa mfumo huja na kitambaa cheupe, na kabla ya kugusa kompyuta yoyote ya masjala ya ardhi hapa Migori hupangusa kila kitufe taratibu, kama anayemwosha mtoto uso. Vidole vyake ni laini, sauti yake ya chini. Caren, karani wa masjala, alimsihi aijaribu Java mpya, programu inayoendesha mfumo wa masjala, kwenye nakala ya mfumo kwanza, maana hati zote za mashamba zimo katika mfumo huo mmoja. "Java ya zamani imechoka, Caren. Ni dakika mbili tu," akasema, akapangusa, akabonyeza. Tena siku ya soko, watu wa Uriri wamejaa hadi nje.

Tangu hapo hakuna hati iliyofunguka. Mama Nyangi alihitaji nakala ya hati ya marehemu mumewe kabla ya saa nane, shemeji yake asije akapewa shamba mahakamani. "Kijana wangu, hiyo dakika yako ni ya wapi?" aliuliza. Fundi alikohoa, akaigeuza skrini isionekane, kisha akatoa mkobani karatasi iliyofunikwa plastiki, akampa Caren abandike mlangoni: MFUMO UMEKWAMA, RUDI KESHO. Pembe zake zilikuwa zimechakaa kwa kubandikwa mara nyingi. Damu ilimchemka Caren. Yeye ambaye hata kuitika jina lake huona haya, alimrudishia. "Mpe mama wewe mwenyewe. Mkononi." Fundi akaitazama karatasi, akatoa kitambaa chake, akaanza kuipangusa.