Mama Gundi na Vibonzo vya Wajanja wa Hisa

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha gazeti moja kongwe, mwanamke wa miaka hamsini na sita anakipulizia kibonzo hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Utepe wa gundi unapolegea, anaupenyezea kisu chembamba na kuuvuta taratibu. Amebana pumzi. Akikosea, wino utang'oka nao.

Wenzake wanamwita Mama Gundi, na jina hilo kajitakia mwenyewe. Alipoajiriwa miaka thelathini iliyopita, alikuta vibonzo vya zamani vimechanikachanika, akaviziba kwa utepe, kimoja baada ya kingine. Akasifiwa mpaka akavimba kichwa. Leo utepe ule umekuwa wa kahawia na unaila karatasi.

"Nilidhani naviponya, kumbe naviua," anasema. "Iliniuma sana. Lakini maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga."

Chumba hiki cha kuhifadhia vibonzo kinafungwa mwisho wa mwezi. Maktaba kuu imekubali kuchukua vibonzo vyote 412 kwa sharti moja tu: visiwe na utepe. Kitakachobaki nao kitapelekwa kiwandani kusagwa. Vimebaki tisa.

Si mizaha mitupu. Hiki kilicho mezani, cha zaidi ya miaka sitini, kinamwonyesha tajiri mwenye kitambi akiinadia foleni ya wanunuzi mlangoni: "Nunueni hisa, kampuni inapaa!" Nyuma ya nyumba, vibarua wake wanatoa dirishani magunia ya hisa zake mwenyewe, ziuzwe kabla hazijaporomoka.

"Shangazi yangu alipanga foleni kama hiyo," anasema. "Aliuza cherehani akanunua hisa. Wiki ya tatu, hata uzi hakuwa nao."

Mhariri, kijana wa rika la mwanawe, anachungulia. "Mama Gundi, mgongo huo utanyooka tena kweli?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwanangu," anajibu bila kuinua macho. Mhariri anacheka na kumwekea chai, mbali na meza.

Utepe unatoka wote, wino umesalimika. Mama Gundi anashusha pumzi na kufuta machozi kwa kiwiko, maana vidole vina gundi. Vimebaki vinane, na siku sita.

Ameshawaomba watu wa maktaba na wa soko la hisa nakala ya kibonzo hiki itundikwe kwenye ukumbi wa soko hilo, karibu na dirisha la wanunuzi wapya, nao wamekubali.

"Mtu aje na akiba yake, asimame, acheke kwanza," anasema. "Halafu amuulize anayemuuzia: na wewe, zako bado unazo?"