Nyayo za Juu ya Bati

"La, si paka. Wala si kunguru, msiinue macho bure. Kaeni, kunyweni kahawa. Huyo ni mume wangu."

Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wageni kabla hawajauliza.

Alifariki nyumba ikiwa bado ya makuti, na bati alilitamani mpaka roho inamtoka. Mwanangu alipopata kazi Unguja akaleta bati, akaezeka. Wiki ile ile, jua liliposimama, nkasikia juu: tak. Kimya. Tak-tak. Nkajua. Mguu mmoja mzima, mmoja wa kuburura, tangu alipoanguka mkarafuu. Kaja kulitazama bati lake.

"Waalaikum salaam, bwana," nkamwambia. "Limekupendeza?"

Basi tukaishi hivyo. Nikishasali adhuhuri najilaza mkekani, joto linanishukia usoni kama kanga iliyotoka kupigwa pasi, na yeye anatembea. Nikifumba macho, siku nyingine sijui nani yuko juu, nani yuko chini. Naona ni mie ninayetembea, miguu mitupu, bati halinichomi, minazi inanipisha nipite. Shehe asinisikie. Atanambia kwa puani, "Bi mkubwaaa, maiti hapandi paaa," na kidevu kinamtikisika kama cha beberu.

Mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, anakaa na mie. Yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao wa fizikia katoka bara, na mwaka huu kawapa masuali ya joto. Mtoto anayasoma kwa Kizungu, kisha ananigeuzia, maana nilimwambia nataka kujua huko skuli wanalishwa nini.

"Bibi, chuma kikipata joto kinarefuka."

"Kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Kinatanuka tu."

"Kama mama yako akisifiwa na mawifi zake."

Akacheka mpaka kalamu ikamtoka. Akaniambia maneno ya mwalimu, nami nkayasema kama mwalimu mwenyewe, kifua mbele: "Reli, binti, huachiwa nafasi katikati! Kwa nini? Fikiri!" Mie reli sijaiona, Pemba hatuna. Lakini nililala naiwaza. Nkaona chuma kirefu kimelala juani, kinajinyoosha taratibu kama mtu anayeamka, mpaka kinagusa ncha ya mwenziwe. Jua likipoa kinajikunyata, kinarudi kwake. Kesho tena. Nkasema moyoni, kumbe na vyuma vina wa kuwaendea.

Siku moja wakaambiwa kila mtu atunge suali la nyumbani kwao. Mtoto akatazama juu.

"Bati letu mita tatu. Asubuhi limepoa, adhuhuri linaunguza. Linarefuka kiasi gani?"

Akaandika, akafuta, akatafuna kalamu. Kisha akanishika kidole akanionesha ncha ya ukucha. "Hivi tu, Bibi. Milimita moja na kidogo. Lakini misumari imelishika. Linataka kwenda, linazuiwa, linajikaza, mwisho linaruka."

Na juu pale pale: tak.

Akalitazama bati. Akanitazama mie. Akainamisha macho.

"Enhe? Likisharuka?"

"Basi, Bibi. Suali limekwisha."

Nkaona kuna kitu kakimeza. Nkamwacha akimeze, nkageukia ukutani nkafumba macho. Tak-tak, bwana akapita zake.

Ningekaa kimya ingekuwa salama, lakini mdomo wangu mie haukai. Wakaja majirani kusuka ukili wa mikeka barazani kwangu, wamechoka, hawana la kucheka. Mtoto yuko mlangoni anachunga unga. Nkaikaza sauti ikawa nyembamba kama yake, nkarembua: "Bibiii, chuma kinarefuka! Sufuria linarefuka! Pete ya bi harusi inarefuka, kidole kinachomoka!"

Ukili ukawaanguka mikononi. "Ongeza, Bi mkubwa!"

"Mtazameni, uso umemvimba! Kapata joto huyo, mpisheni atanuke!"

Wakapiga makofi. Mtoto anachunga tu, unga unamrukia kanzuni. Wala sikumwangalia macho.

Ndipo juu: tak. Tak-tak.

Nkainua mkono. "Ushii! Mwenyewe huyo, hapendi makelele." Wote wakanyamaza kwa adabu. Nkasema kwa sauti yangu, ile ya kwangu hasa, ambayo naitoa kwake tu: "Waalaikum salaam, bwana. Karibu."

Mtoto akaweka chekeche chini. Hakupaza sauti.

"Bibi, siku jua lisipotoka, babu haji."