Sindano Niliyoishika Wodini

Nilijifunza kushona nikiwa nimelala chali, mguu wangu wa kulia ukining'inia kwa kamba na vyuma vya uzito. Nilikuwa dereva wa lori. Nilikuwa nimebeba ndizi kutoka Nkubu kuelekea Embu, mvua ikanikuta kwenye kona, lori likateleza na kulala ubavu mtaroni. Ndizi zilitapakaa barabarani, na mimi nikavunjika paja.

Enzi hizo, paja likivunjika ulifungwa uzito mguuni ukaambiwa usubiri mfupa uunge. Nilisubiri miezi mingi katika wodi ya wanaume. Mwanzoni wageni walijaa kitandani kwangu na chupa za uji. Baadaye akabaki mama yangu peke yake. Alikuja akishamaliza kukamua ng'ombe, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuja na kazi yake: kitambaa cheupe cha kutandika kwenye kiti, alichokuwa akikitia maua kwa sindano na nyuzi za rangi. Pande zetu hakuna nyumba iliyokosa vitambaa hivyo. Vilikaa juu ya viti, juu ya redio, juu ya meza ya wageni.

Nilikuwa nimehesabu mbao za dari hadi nikazichukia. Siku moja nikamwambia, "Mama, hebu nipe nijaribu."

"Wewe?" Alinitazama kama anayepima homa. "Utajidunga, baba."

Aliniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Nilinyoosha mkono, naye akanipa kitambaa huku akiangalia mlangoni kana kwamba tunaiba. Nilijidunga kweli. Ua langu la kwanza lilifanana na buibui aliyekanyagwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyelazwa kitanda cha pili, alicheka hadi mshono wa tumbo lake ukamuuma, na tangu siku hiyo wodi nzima ikaniita Bibi Harusi.

Sikujali. Nilipokuwa nashona, mchana ulipita. Kidole kilijua kinachofuata hata kabla ya kichwa, na mguu ulinyamaza. Mama alipoona siachi, alianza kuniletea nyuzi zangu mwenyewe. Kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani, yule mwalimu alijisogeza karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumtilia jina la mkewe kwenye leso ya mkononi. Nilimtilia. Akaificha chini ya mto.

Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na lori nikaliacha. Mfanyabiashara mmoja wa Makutano, Mwislamu mpole aliyekuwa na ghala la nafaka, aliniajiri kumnunulia maharagwe na ndengu vijijini. Jioni nilishona. Sikushona kwa kuuza, nilishona kwa kupenda tu. Siku za soko nilizunguka kwenye mitumba nikitafuta vitu vya zamani: pazia lililofumwa kwa mkono, kitambaa cha meza chenye ukingo wa lesi, leso iliyochujuka rangi. Mara moja nilimkuta mama muuza viatu ametandaza chini blanketi la ajabu, lililoungwa kwa vipande vidogo vidogo vya nguo, tabaka mbili na pamba katikati, yote kwa mkono. Sijui lilitoka nchi gani. Nilimletea turubai jipya, akanipa lile blanketi na kunishangaa. Nililifumua pembe moja kuona lilivyotengenezwa, kisha nikalishona upya. Ndivyo nilivyojua blanketi la viraka linavyokaa pamoja.

Kila kitambaa nilichokipata nilikiloweka, nikakichemsha, nikatoa kila doa. Nilitaka vionekane kama vimetoka dukani leo.

Kisha nikaenda Mikinduri kununua maharagwe kwa mjane mmoja mzee. Alinikaribisha ndani tusubiri wajukuu wake wamalize kuyapepeta. Nilikaa, nikaona kitambaa cha kiti changu kimetiwa maua kwa mshono wa mnyororo, mdogo na sawasawa, lakini ukingo umeanza kufumuka.

"Huu mshono ni wa mkono uliotulia," nikasema. "Uliufanya mwenyewe, nyanya?"

"Mwanamume anajuaje mshono?"

Nilimwambia habari za hospitali. Alicheka akijipiga goti, kisha akaingia chumbani na kurudi na kitambaa cha meza kilichofungwa ndani ya karatasi ya sukari. Alikifungua polepole. Kilikuwa cheupe kilichogeuka rangi ya krimu, kimeandikwa kwa uzi mwekundu: KARIBU NYUBANI. Herufi moja ilikuwa imesahaulika. Katikati palikuwa na doa kubwa la hudhurungi, na upande mmoja panya walikuwa wamekula ukingo.

Nilishikwa na tamaa. Nikamwambia ninakusanya vitu kama hivyo, na kwamba ningekitunza vizuri.

"Sikupi," akasema. Hakukasirika. "Lakini ukiweza kushona hapo palipoliwa, shona. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano."

"Nitakushonea. Na hilo doa nitalitoa, nina dawa yake."

Akakivuta kitambaa mapajani mwake haraka hata nikadhani nimemkosea heshima.

"Hilo doa usiliguse."

Akanieleza. Mumewe alikamatwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari, akahamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, na kwa miaka yeye mke hakujua kama yu hai. Alijifunza kusoma kwa watu wa kanisa, na herufi alizojifunza akazishona. Mumewe alirudi jioni moja akitembea kwa miguu, amekonda hata mbwa akambwekea. Mke alitandika kile kitambaa kwa mara ya kwanza na kumpa chai. Mume alipoipokea, kikombe kikainama, chai ikamwagika juu ya maandishi.

"Akaanza kuomba msamaha," yule mama akasema. "Mtu aliyetoka huko, ananiomba msamaha kwa sababu ya chai! Nilicheka, naye akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Kitambaa hiki sijakifua tangu siku hiyo."

Nilishona ukingo palepale, sebuleni kwake, kwa uzi niliouchomoa kwenye pindo la kitambaa chenyewe ili rangi ifanane. Maharagwe yalishapepetwa na kutiwa magunia kabla sijamaliza, na hakuna aliyenihimiza. Nilipofika nyumbani niliichukua ile dawa ya madoa nikaimwaga nyuma ya choo.

Nilirudi kwake msimu uliofuata, na mwingine. Safari hizo nilimsimulia habari za blanketi la viraka, akataka la kwake. Aliwaagiza watoto wake walete nguo kuukuu kila wanapokuja kumwona. Wakaleta sare za shule, gauni la ubatizo, shati la harusi ya mtu, na yeye akatoa koti zito la marehemu mumewe. Mimi nilikata na kushona. Yeye alipanga vipande kwa kuvipapasa, na tulibishana sana, kwa maana alitaka vipande vya koti viwe vyote upande wa kifuani.

"Litapinda, nyanya. Uzito utakuwa upande mmoja."

"Ni mimi nitakayelala chini yake au ni wewe?"

Tuliliweka koti upande wa kifuani. Siku nilipolimaliza alijifunika akiwa amekaa kitini, jua likiwaka, jasho likimtoka, akalalamika kwamba lina uzito kama gunia la ndengu. Nilipotaka kumwondolea alinipiga mkono.

Nilipotoka nje, nilimkuta jirani yake amesimama kwenye ua akinisubiri, furushi la nguo za watoto limemjaa mikononi.

"Kijana," akaniuliza, "unarudi kununua maharagwe lini?"