Sari ya Shifoni Mwezi wa Saba

Jamani, katika ujinga wote niliowahi kufanya, hakuna unaofikia kuvaa sari ya shifoni Njombe mwezi wa saba. Ilikuwa sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kwetu kabla ya harusi. Mama mkwe aliinunua Dar, akaituma kwa basi, nami niliipenda mpaka nikalala nayo.

Shangazi alinipeleka Makambako kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, atufundishe kuifunga. Yeye mwenyewe alivaa sari nzito ya pamba, sweta juu, soksi miguuni. Aliipapasa yangu, akacheka.

"Hii ya nchi ya joto, binti. Hata kule India, watu wa milimani wanajifunika shali ya sufu. Vaa sweta."

Nikamwambia sweta litaharibu picha. Ukweli ni kwamba niliogopa wakwe watasema nimeificha zawadi yao, nimewadharau kabla hata sijaolewa.

Basi, siku yenyewe shangazi akanibana pini kama ishirini. Tumbo nje, mgongo nje, ukungu unaingia ukumbini kila mlango ukifunguliwa. Kukaa shida, kuinuka shida. Meno yakaanza kugongana.

"Bibi harusi anatetemeka kwa furaha!" MC akapiga kelele.

Furaha gani! Nilikuwa nimeganda, na nilikuwa na hasira na kila aliyevaa koti.

Wakati wa kutunzwa zawadi, mama yangu akaja akicheza, mikononi blanketi zito. Kwetu mama humfunika hivyo binti anayeondoka, mbele ya watu wote. Alipolinyanyua, nikatupa jicho kwa mama mkwe, nikakwepesha bega.

"Mama, acha," nikanong'ona.

Blanketi likaanguka. Mama akaliokota, akalikung'uta, akarudi kukaa.

Mama mkwe akaniinamia, koti lake limefungwa mpaka kidevuni. "Mwanangu, mbona umekataa? Baridi hii si itatuua?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kumkimbilia mama, lakini pini zilinishika, na foleni ya ndugu wenye zawadi ilikuwa bado ndefu. Nikasimama pale, nikatabasamu, nikapigwa picha moja baada ya nyingine. Walipokwisha ndipo nikajikokota hadi kwake, nikapiga magoti hivyo hivyo kwa taabu.

"Nisamehe, mama."

"Aa, wala," akasema, bila kunitazama. "Mimi niliona tu unatetemeka."