Kucha za Mama Mkwe

Jirani yangu, fundi cherehani, tumembatiza Mama Pole. Ukipiga chafya tu, keshasema pole. Ndiye mwenyekiti wetu wa kina mama kanisani, na kila Jumamosi anatuongoza kwenda kuwaona wagonjwa. Sisi wengine tunaimba na kuomba. Yeye anapiga magoti, anaosha miguu ya mgonjwa na kumkata kucha. Jamani, kazi hiyo anaiweza. Nimeona wazee wakisinzia mikononi mwake.

Sasa, mimi na yeye tunatenganishwa na ukuta tu. Kwenye chumba chake cha nyuma analala mama mkwe wake, macho yameingia ukungu, miguu haimbebi tena. Mume yuko safarini na lori. Nilichokuwa nasikia kupitia ukuta ule ni "Kula basi, nina kazi," halafu mlango unabamizwa. Bibi wa watu kutwa yuko peke yake, na mkwewe yuko barazani anashona sare za kwaya. Kanisani hakuna aliyejua kwamba nyumba ile ina mgonjwa. Iliniuma, kisha nikapandwa na hasira, na mimi nikikasirika sina breki.

Kwetu mgonjwa wa wiki huchaguliwa na katibu, na wengine tunaambiwa njiani. Nikamnong'oneza katibu. Jumamosi tukatoka kanisani tukiimba, Mama Pole mbele na beseni lake. Katibu akamwambia akate kushoto, akakata. Tulipofika kwenye geti lake mwenyewe, wimbo ukamkatikia mdomoni. Akanitazama. Nikajifanya naangalia viatu vyangu.

Angeweza kusema mgonjwa amelala. Nilikuwa nasubiri aseme hivyo nimpashe mbele za watu. Hakusema. Alifungua mlango wa nyuma, harufu ya mkojo ikatupokea, na kina mama wakaacha kuimba mmoja mmoja. Akapiga magoti. Kucha za yule bibi zilikuwa zimejipinda mpaka zinaingia kwenye nyama.

"Pole, mama," alisema, kwa ile sauti laini anayowatembelea nayo watu. "Naomba mguu."

Akaosha taratibu, akaanza kukata. Hakumuumiza hata kidogo.

Bibi akatabasamu, uso akiuelekeza sauti inakotoka. "Ahsante, mwanangu. Una mkono mwepesi. Wewe ni mtoto wa nani?"

Katibu aliangalia dari. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ni mimi niliyeyataka haya. Nilikuja kumwona mwenzangu akiumbuka. Sasa nikawa naomba kimoyomoyo bibi asiulize tena.

"Nambie basi, nikuombee kwa jina."

Mama Pole aliweka mkasi chini. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye beseni na wala hakuyafuta.

"Ni mimi, mama. Mkweo. Mke wa mwanao."

Tabasamu likafutika usoni mwa bibi. Akauvuta mguu wake, upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akauficha chini ya shuka.

"Usikasirike, mwanangu," akasema. "Si mimi niliyewaita."